Tiva wa Bulo Burti: damu ilimpa cheo cha spishi mpya, damu ikamvua

#1 · Mshika_Wavu (mleta mada)

Wakuu, habari za Jumapili.

Juzi kwenye uzi wa picha za ndege kuna mdau aliweka tiva mweusi tii kutoka Lamu. Mwingine akajibu kwa tiva wa Bagamoyo, mgongo mweusi, tumbo jeupe. Kurasa tatu zikaisha watu wanabishana kama hawa ni mtu na nduguye au ni koo mbili tofauti, na kila mtu hoja yake ni ileile: "tazama rangi". Nimeshika wavu wa ndege misimu sita milimani Usambara na Uluguru kama msaidizi wa watafiti, na nikiri kwamba rangi imenidanganya mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema. Kwa hiyo nawaletea kisa hiki.

Agosti 1988, katika viwanja vya hospitali ya Bulo Burti, mji ulio kando ya mto Shabelle huko Somalia, alionekana tiva ambaye hakufanana na yeyote aliyekuwamo kwenye orodha. Januari 1989 akanaswa. Kwa desturi ya siku zile, ndege wa namna hiyo mwisho wake ulikuwa mmoja tu: anauawa, anachunwa, anajazwa pamba, anawekwa kwenye droo ya makumbusho na kibandiko mguuni. Huyo anakuwa shahidi wa jina. Ukitangaza spishi mpya, lazima ngozi yake iwepo mahali ili mwenye shaka akaiangalie.

Lakini ndege alikuwa mmoja. Walitafuta wengine, hawakuwapata. Unamuuaje ndege ambaye kwa unavyojua wewe huenda ndiye wa mwisho? Wakamfuga. Wakachukua damu, wakaokota manyoya yaliyopukutika, wakasoma DNA yake wakailinganisha na ya tiva wengine. Akasafirishwa hadi Ujerumani, akarudishwa Somalia, na Machi 1990 akaachiwa kwenye hifadhi ya Balcad. Mwaka 1991 Smith, Arctander, Fjeldså na Amir wakamtangaza kwenye jarida la Ibis kwa jina Laniarius liberatus. Liberatus ni Kilatini, "aliyeachiwa huru".

Kelele zikaanza. Wenye makumbusho wakasema jina bila ngozi ni sawa na hati ya kiwanja bila kiwanja. Wengine wakajibu kwamba damu ni ushahidi kuliko ngozi. Ikaendelea hivyo, na Somalia ikaingia vitani, kwenda kutafuta ndege ikawa haiwezekani.

Mwaka 2008 timu nyingine iliyoongozwa na Nguembock ikapima tiva wengi zaidi, wa spishi na sehemu nyingi zaidi, ikajenga mti wa ukoo upya. Yule mtukufu wa Bulo Burti akaangukia katikati ya tiva wa Somalia aliyekuwa akijulikana siku zote, Laniarius erlangeri. Hakuwa spishi. Alikuwa mwana wa nyumba ileile aliyezaliwa na rangi isiyo ya kawaida.

Na si yeye peke yake aliyeguswa. Yule "tiva wa tropiki" ambaye vitabu vyetu vya zamani vilimpa karibu nusu ya Afrika, akaonekana si mmoja. Ni koo kadhaa zilizovalishwa shati moja, na baadhi yake zina udugu wa karibu zaidi na tiva wa rangi nyingine kabisa.

Sasa karibuni. Swali langu: kama rangi haiaminiki, na damu yenyewe ilisema hivi 1991 ikasema vile 2008, sisi tushike lipi?

#2 · Bingwa_wa_Kubisha

Nimekaa paleee.

#3 · Kimara_Mwisho

Mkuu kumbe DNA si ya kesi za watoto kwa Mkemia Mkuu tu? 😂 Nilidhani ndege wao wameaminiana.

#4 · Mshika_Wavu

Wameaminiana wapi! Ndege waimbaji ndio kesi kubwa. Kuna kandege ka buluu ka Australia, Malurus cyaneus, dume na jike wanalea pamoja kama picha ya harusi. Walipopima vifaranga wakakuta takriban robo tatu si wa baba mwenye nyumba. Kabla ya vipimo vya DNA vitabu vilimsifu kwa ndoa imara.

Lakini hiyo ni kesi ya ndani ya kiota. Uzi huu ni wa koo na milima, tusihame.

#5 · Bi_Shela

Asalaam aleikum. Mimi ni wa Lamu, na huyo tiva mweusi kwangu si picha ya mtandaoni, ni jirani. Ukivuka kwenda kisiwa cha Manda asubuhi utamsikia kabla hujamuona. Huku kwetu ndege twamwita nyuni, na nyuni huyu bibi yangu alitufunza kuwa ni wawili wasemao kwa kinywa kimoja: mume aanza, mke amaliza, na asiyejua hudhani ni mmoja.

Naomba kuuliza, mwanangu Mshika_Wavu. Wa kwetu weusi, na wale wenye tumbo jeupe, nimewaona wote. Je, hawa ni kama watu, mweusi na maji ya kunde ndani ya nyumba moja, au la? Maana wageni wa hoteli huja na vitabu vyao, huyu asema hili na yule asema lile.

#6 · Mshika_Wavu

Wa aleikum salaam Bi Shela, shikamoo. Bibi yako alisema kweli. Tiva dume na jike hupokezana kwa kasi kiasi kwamba watu wazima na vinasa sauti vyao wamehesabu ni ndege mmoja.

Kuhusu weusi: kwa muda mrefu mweusi wa Manda na pwani ya jirani alihesabiwa ni rangi nyingine tu ya tiva wa pwani mwenye tumbo jeupe, kama ulivyosema, watoto wa nyumba moja. Vinasaba vikamtenga. Jina la kale alilopewa na Wajerumani karne ya 19, Laniarius nigerrimus, "mweusi kupita wote", likafufuliwa. Kwa hiyo wa kwenu Manda na wa Bagamoyo ni koo mbili.

Na hapo ndipo utamu. Kule Bulo Burti rangi tofauti ikageuka kuwa ndugu. Hapa kwenu waliodhaniwa ndugu wakageuka kuwa koo tofauti. Ndege walewale wa jenasi moja, yaani kundi moja la spishi ndugu.

#7 · Bi_Shela

Marahaba. Basi nitawaambia wale wageni mato yangu yameona sahihi, ni kitabu ndicho kichelewacho.

#8 · Msomi_Maabara

Nafanya kazi maabara ya vinasaba, si ya ndege, ya mazao, lakini mambo ni yaleyale. Niongeze kitu ambacho watu wengi hawakijui.

Damu ya ndege ni zawadi. Chembe nyekundu za damu ya binadamu hazina kiini, kwa hiyo ukitaka DNA ya mtu kwenye damu unategemea chembe nyeupe. Ndege chembe zake nyekundu zina kiini, zote. Tone dogo tu linakupa DNA ya kutosha kazi ya miaka. Halafu unaikuza kwenye mashine ya PCR, ileile ya vipimo vya Korona iliyotunyima usingizi.

Sasa kwa nini majibu yabadilike? Kazi nyingi za miaka ya 90 zilisoma DNA ya mitokondria, vile vijisehemu vya chembe vinavyozalisha nguvu, ambayo mtoto huirithi kwa mama peke yake. Ni sawa na kuandika historia ya ukoo kwa kufuata bibi mzaa bibi na kuwasahau akina babu wote. Jike mmoja wa ukoo jirani akiingia na kuzaa, vizazi mia baadaye mitokondria inaweza kusema "hawa ni wa kule" ilhali mwili wote uliobaki ni wa hapa. Siku hizi tunasoma maelfu ya vipande vya viini vya chembe pamoja na mitokondria, tunaona kama vinakubaliana. Visipokubaliana, hapo ndipo kazi inaanza.

La pili ni nani umemwita kwenye kikao. Mti wa ukoo unapangwa kwa waliohudhuria tu. Ukipima watu wanne wa Tanga na mmoja wa Moshi, wa Moshi ataonekana mgeni kabisa hata kama ana ndugu elfu kwao.

#9 · Bingwa_wa_Kubisha

Nimesimama sasa. Msomi unataka kuniambia serikali za dunia zinatumia pesa kutafuta shangazi wa ndege? Ndege hajui yeye ni spishi gani. Akimpenda jike atamfuata. Hayo majina ni ya watafiti kupata vyeo.

#10 · Mwana_Taita

Bingwa, njoo Wundanyi nikuonyeshe kwa nini.

Milima ya Taita ilikuwa msitu mmoja wa mawingu, leo ni vipande vilivyozungukwa na mashamba, mengine yetu, sitakataa. Msitu wa Ngangao ni kama hekta 120. Mbololo uko kilima cha pili, ng'ambo ya bonde. Chawia mdogo zaidi. Kuna ndege mmoja mweusi kichwani, mdomo wa rangi ya machungwa, mbavu nyekundu, anapekua majani chini kwenye giza la msitu, kitaalamu Turdus helleri. Duniani kote anaishi hapa tu.

Watafiti wa Kenya na Ubelgiji walichukua damu kwenye vipande hivyo miaka ya 90, majibu yakachapishwa 2000. Walitaka kujua kama ndege wa kipande kimoja bado wanaozana na wa kipande cha pili. Kwa macho huwezi kujua, ni walewale. Damu ikaonyesha mawasiliano ni haba. Baadaye, 2011, wakalinganisha ndege saba wa misitu hii: anayethubutu kuruka juu ya mahindi na migomba, vinasaba vyake vimechanganyika vizuri. Asiyetoka kivulini, kila kipande kimeanza kuwa na damu yake.

Sasa fikiria unataka kuhamisha ndege watano kutoka kipande chenye wengi kwenda chenye wachache. Bila kujua ukoo, unaweza kuokoa au kuharibu. Hilo si suala la cheo cha mtu. Baba yangu alipanda miti ya kienyeji kwenye mpaka wa shamba kwa sababu walimweleza hivyo kwenye baraza, kwamba ndege yule anahitaji njia yenye kivuli. Alikubali shingo upande, akasema angalau ni kuni. Miti iko.

#11 · Bingwa_wa_Kubisha

Hapo kidogo nimekuelewa. Ila bado nabisha kuhusu majina.

#12 · Chozi_la_Muheza

Tunaongea ndege waimbaji Tanga hatujatajwa? Kwetu kuna chozi. Kwa wasiojua, chozi ni yule mdogo mwenye mdomo uliopinda anayefyonza maua, ana uzito kama wa gramu nane, kifua kina mkanda mwekundu, kichwa kinang'aa kijani. Kwa nini aitwe chozi sijui, labda kwa udogo.

Nilikuwa naamini chozi wa mkanda mwekundu wa Lushoto na wa Kilimanjaro ni mmoja. Nimekulia hapa na nimefanya kazi Moshi, kwa macho sioni tofauti yoyote ya maana.

#13 · Mshika_Wavu

Hukuwa peke yako. Hata wataalamu waliwaweka pamoja miaka mingi. Mwaka 2004 Bowie na wenzake, akiwamo Fjeldså yuleyule wa Bulo Burti, wakasoma DNA za chozi hawa wa Milima ya Tao la Mashariki. Wa Usambara na Pare Kusini wakatoka ukoo wao wenyewe, leo wanaitwa Cinnyris usambaricus. Wa Kilimanjaro na milima ya Kenya wakabaki mediocris. Wa kusini, kuanzia Udzungwa kushuka hadi Malawi, ni fuelleborni. Halafu kuna moreaui, wa Nguru, Ukaguru na hadi Udzungwa, aliyepewa jina la Moreau, yule Mwingereza aliyekaa Amani, kule Usambara, miaka mingi akichunguza ndege. Huyu alikuwa akishukiwa ni chotara tu, kwa sababu sura yake iko kati ya wengine. Damu ikasema si chotara, ana ukoo wake kamili.

Mkanda mwekundu kifuani karibu uleule kwa wote. Milima yetu ni kama visiwa: hali ya hewa ilipokauka, misitu ikapanda juu, ndege wakabaki wamefungiwa kila mtu kileleni kwake kwa mamia ya maelfu ya miaka. Rangi haikuwa na haraka ya kubadilika, damu ikaendelea na safari.

#14 · Sikio_la_Msitu

Mimi naongoza watalii wa ndege Amani na Udzungwa. Naomba nitetee masikio. Rangi mmeishusha, sawa. Lakini sauti? Mimi natenganisha chozi kwa wimbo kabla sijainua darubini.

#15 · Msomi_Maabara

Wimbo nao una kesi yake. Ndege waimbaji hawazaliwi na wimbo kamili, hujifunza kwa kusikiliza wakubwa, kama mtoto na lafudhi. Ungetegemea kila mlima uwe na lahaja yake baada ya muda mrefu.

McEntee na wenzake walirekodi chozi hawa hawa milima mingi ya Afrika Mashariki, wakalinganisha nyimbo na vinasaba, wakachapisha 2021. Wakakuta koo nyingine zimetengana muda mrefu mno na bado zinaimba karibu kilekile, na nyingine zina nyimbo zilizoruka mbali. Wimbo hautembei mwendo wa saa. Unaweza kulala muda mrefu sana, halafu ukaruka.

Kwa hiyo sikio lako ni zuri pale ambapo wimbo ulisharuka. Pale ulipolala, ndege watapewa jina moja na sikio, mawili na damu.

#16 · Sikio_la_Msitu

Dah. Basi tuseme nimepata nusu ya maksi.

Ila kwa vinengenenge nimeshashindwa kabisa, vile vidogo vya manjano-kijani vyenye duara jeupe kuzunguka jicho. Kila mlima mtalii ananiambia jina jipya, na jina hilo mwakani limebadilika.

#17 · Mwana_Taita

Kinengenenge wa Taita naye ni wa hapa tu, Zosterops silvanus, duara la jicho pana kama miwani ya fundi wa kuchomelea. Vitabu vya zamani viliwafunga vinengenenge wa milimani wote kamba moja kuanzia Ethiopia hadi huku: wanaishi juu, duara pana, basi ni ndugu. Utafiti wa 2014 wa Cox na wenzake ukaikata kamba hiyo. Wa milimani si ndugu wa karibu wao kwa wao. Wengine ndugu zao wa karibu zaidi ni vinengenenge wa nyika kavu chini ya mlima. Ndio maana Kikuyu, Kilimanjaro, Mbulu, Pare Kusini na Taita sasa kila mmoja anahesabiwa na wengi kama spishi yake. Mtalii wako hakosei, anasoma toleo jipya.

#18 · Kimara_Mwisho

Kwa hiyo kupanda mlima ndio kumewafanya wafanane, si kuzaliwa pamoja. Kama wachagga wote kuwa na sweta 😂

#19 · Mwana_Taita

Mfano mbaya ila umeelewa.

#20 · Binti_Chuo_Moro

Samahanini, nasoma mwaka wa tatu, natamani kazi hii. Damu inachukuliwaje bila kumuua kandege ka gramu nane? Na vibali?

#21 · Mshika_Wavu

Swali zuri, dada. Nyavu ni nyembamba kama nywele, unazisimamisha kabla ya mapambazuko kwenye njia za msituni. Unazikagua kila baada ya dakika ishirini au thelathini, mvua ikianza unazifunga mara moja, hili halina mjadala. Ndege anatolewa kwa subira, miguu kwanza, anatiwa kwenye kimfuko cha kitambaa, gizani anatulia. Unampima mabawa, mdomo, uzito, unamvisha pete yenye namba.

Damu: chini ya ubawa, kwenye kiwiko, kuna mshipa unaoonekana kama uzi wa buluu. Unalowesha manyoya kidogo yalale, unachoma kwa sindano nyembamba, tone linatoka, unalipokea kwa kibomba cha kioo chembamba, unabana na pamba mpaka damu ikome. Kanuni ni kutozidi asilimia moja ya uzito wake. Chozi wa gramu nane, asilimia moja ni gramu 0.08, na wewe unahitaji pungufu ya hapo. Tone linaingia kwenye kichupa cha spiriti, linaandikwa namba ya pete. Ndege anaruka. Nimewanasa wengi tena mwaka uliofuata na pete zao, wanene kuliko mimi.

Siku ya kwanza mikono ilinitetemeka mpaka mwalimu wangu akaninyang'anya sindano. Nilikaa wiki nzima nikishika mifuko tu. Na kichupa kimoja nilikiandika namba mbili, maabara wakakitupa. Ndege amechomwa bure. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko kupe wote wa Uluguru.

Vibali kwa Tanzania anza na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na kama ni hifadhi ya msitu kuna wenye msitu pia. Damu ikivuka mpaka kwenda maabara za nje kuna karatasi nyingine. Anza mapema, mapema sana.

#22 · Bingwa_wa_Kubisha

Mshika_Wavu hujajibu swali lako mwenyewe la post ya kwanza. Tushike lipi? Unatuzungusha tu kwenye milima.

#23 · Mshika_Wavu

Haya. Kwa maoni yangu, wale wa 1991 walifanya la haki kumwachia yule ndege, ingawa walikosea cheo chake. Kwa sababu damu yake ilitunzwa na maandishi yake ya vinasaba yapo, ndio maana 2008 watu waliweza kurudi na kumuuliza tena swali lilelile mbele ya mashahidi wengi zaidi. Rangi ilishaulizwa swali lote ililoweza kujibu siku ileile ya kwanza. Mimi nashika tone lililoandikwa vizuri kwenye kichupa. Jina libadilike litakavyo.

#24 · Msomi_Maabara

Naongezea: hata zile ngozi za kwenye droo hazijalala bure. Siku hizi tunakata kipande kidogo cha ngozi ya chini ya kidole cha mguu wa ndege aliyekufa miaka mia iliyopita na tunasoma DNA yake. Imekatika vipandevipande lakini inasomeka. Kwa hiyo wale wa makumbusho nao walikuwa na hoja.

#25 · Bingwa_wa_Kubisha

Kwa hiyo wote mlikuwa sahihi. Uzi wa kwanza JamiiForums kuisha hivyo, mods wafunge haraka.

#26 · Bi_Shela

Msifunge kwanza. Leo alfajiri nimevuka na mashua ya kwenda Manda, nimewasikia wawili kwenye mti wa mswaki nyuma ya kisima. Mmoja mweusi. Wa pili alijificha, sikumuona tumbo. Nimerekodi kwa simu dakika moja na nusu, mashine ya boti yasikika kidogo. Naituma wapi?

#27 · Sikio_la_Msitu

Nitumie inbox Bi Shela, nikuondolee kelele ya boti. Na kesho ukimuona wa pili, tuambie tumbo.